Mkono Usiopakwa

Bi Mina alipokuwa akinywa kahawa sebuleni kwangu mtaani Ansab, wiki mbili zilizopita, macho yangu hayakutulia usoni mwake. Yalikwenda kwenye kifundo cha mkono wake. Watu wengine wakikutana na rafiki baada ya miaka thelathini huulizana habari za watoto. Mimi nilimtazama ngozi, na tabia hiyo ni yeye mwenyewe aliyenitia. Mkono wa blauzi ulipanda kidogo alipokuwa akirudisha kikombe kwenye sinia, nikaona ngozi imepauka, ina mistari myembamba myeupe, na kwenye kitambaa cheusi pamebaki unga wa ngozi uliodondoka. Nilinyanyua dele la kahawa kumwongeza, naye akakitikisa kikombe kama nilivyomfundisha zamani, alama ya mtu aliyetosheka, na sote wawili tukacheka kwa sababu hakusahau. Amestaafu sasa. Alikuja Maskati kwa siku nne tu kutoka kwao Busan, hana mkutano wala kazi, ila kuniona mimi na kulizuru kaburi la Bibi yangu.

Habari za ukoo sitazisimulia. Nani alitoka Unguja mwaka gani, nani alikuja kwa meli na nani kwa ndege, hayo kila nyumba ya wenzetu hapa inayo, na kila nyumba inaamini yake ndiyo yenye kuliza zaidi. Mimi nataka kusimulia mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza masomo ya uuguzi, nangoja kupangiwa hospitali, naishi na Bibi kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu kijijini Bustan, nje kidogo ya Maskati. Katika kungoja huko nikapata kazi ya muda kwa mwanamke wa Kikorea, huyu Bi Mina, muuguzi mtafiti, aliyehitaji msichana wa kumbebea mkoba na kumfasiria. Niliambiwa anatafiti ngozi za wazee. Nilicheka. Nilidhani ngozi ni jambo la wauza krimu.

Yeye hakucheka. Siku ya kwanza, kwenye fleti yake ya mtaa wa Ruwi iliyokuwa na meza moja, mto wa kukalia na sufuria ya kupikia wali kwa umeme, alinieleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba kwao wauguzi walikuwa wameanza kuuliza swali ambalo wengi waliliona dogo. Ngozi ya mzee ikikauka, kitu gani huharibika kabla mtu hajakiona? Mzee anawashwa, halali. Anajikuna, anapata kidonda. Kidonda hakiponi, mzee hatoki, hali, na watu wanasema ni uzee. "Si uzee," alisema. "Ni mtu hakutazamwa." Bibi yake mwenyewe alikufa kwa kidonda cha mgongo kilichoanza kama paku kavu lisilozidi sarafu. Aliyasema hayo huku akipanga chupa za losheni kwenye sanduku, bila kubadilisha sauti, na mimi nikaacha kucheka.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kila mzee alipewa losheni. Asubuhi akishaoga, apake mkono wa kulia, na wa kushoto auache hivyo hivyo, usiguswe na mafuta ya aina yoyote. Kila baada ya wiki mbili tungekwenda kuipima mikono yote miwili kwa kidude chake, kama kalamu nene yenye kichwa bapa, kinachogusa ngozi, kikalia, kikatoa namba ya unyevu. Tofauti kati ya mkono na mkono ndiyo ingeonyesha losheni imefanya nini. Bi Mina alijifunza Kiswahili cha kulieleza hilo kwa sentensi mbili, na kila nyumba tuliyoingia alizisema akiwa ameinama kidogo, anatoa chupa kwa mikono yote miwili kama wafanyavyo kwao: "Mkono wa kushoto, usipake. Utaharibu vipimo." Wazee walimpenda papo hapo. Mgeni anayekupa kitu kwa mikono miwili huwezi kumchukia hata ukitaka.

Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikishwa, na wa kwanza kuleta matata. Alikaa kwenye kitanda chake cha besera chenye nguzo nne, kanga mabegani, akaitazama mikono yake mmoja baada ya mwengine.

"Hebu muulize, Rahma. Huu wa kushoto umekosa nini?"

"Haujakosa kitu, Bibi. Ni wa kulinganishia tu."

"Nnaoga nayo yote miwili, nnasali nayo yote miwili, halafu mmoja nnaupa mwengine nnaunyima? Hata mwanamme mwenye wake wawili hafanyi hivo akalala salama."

Bi Mina aliuliza Bibi anasema nini. Nikamjibu, "Anasema atajitahidi." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza mwaka ule, na wala sikuuhesabu kuwa uongo. Nilidhani nafasiri.

La pili nililolifanya nalo nililidhania adabu. Bi Mina alitaka tuwafikie wazee bila taarifa, asubuhi, tuwakute kama walivyo. Lakini kwetu sisi kumfikia mtu mzima ghafla, hajaoga, hajafukiza, ukumbi haujafagiliwa, huko si kumtembelea, huko ni kumfumania. Kwa hiyo kila mara, siku moja kabla, baada ya sala ya alasiri, nilikaa chini kando ya simu ya mezani nikapiga nyumba moja moja: "Kesho tutakuja, inshallah." Sikumwambia Bi Mina. Sikumficha pia, haikunipitikia kwamba ni jambo la kuambiwa mtu. Nani hutangaza kwamba amepiga hodi?

Safari nilizozipenda zaidi zilikuwa za Qurayyat, kwa Mzee Nassor, mwalimu mstaafu ambaye miguu ilishamwacha, na mkewe Bi Zayana, ambaye Bibi alikuwa akimwita somo yake. Tuliondoka mapema kwa njia ya zamani ya milimani, Bi Mina akiendesha kwa kukaza mikono, na tukifika tulikuta chumba cha Mzee kimeshafukizwa udi, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinatetemeka dirishani, na mwenyewe ameegemezwa kwenye mito na kanzu iliyopigwa pasi. Baada ya kupima ilikuja sinia: wali wa nazi, mchuzi wa jodari, pilipili ya ndimu, na tende za mwanzo wa msimu. Bi Mina naye alileta vya kwao, karatasi nyembamba za mwani uliokaushwa. Mzee Nassor aliigeuza moja mkononi, akaivalia miwani. "Hii niile au nisahihishe?" aliuliza, na hata Bi Mina, nilipomfasiria, alicheka mpaka akafunika mdomo. Nikikumbuka furaha ya mwaka ule, nakikumbuka chumba kile.

Na ni chumba kile kile nilipojua. Kabla ya kupima, kazi yangu ilikuwa kuufuta mkono kwa kitambaa cha maji na kuuacha ukauke. Siku moja, mwezi wa tatu au wa nne wa kazi, niliufuta mkono wa kushoto wa Mzee Nassor, na maji hayakukaa. Yalijikusanya matone matone, yakateleza yakadondoka kwenye shuka. Nikainama kama naokota kitu, nikanusa. Chini ya udi palikuwa na mafuta ya nazi yaliyopikwa na asumini. Nilimtazama Bi Zayana. Bi Zayana aliutazama moshi wa chetezo. Kidude kikalia, Bi Mina akanyanyua nyusi kwa kupendezwa, akaandika namba.

Ningeweza kujidanganya kwamba ilikuwa siku hiyo tu. Wiki mbili baadaye nilikuwa jikoni nakuna nazi, na Bibi yuko ukumbini kwenye simu, akipaza sauti kama kawaida yake kwa sababu hakuamini kwamba waya mwembamba vile unaweza kufikisha maneno Qurayyat.

"Zayana, wanakuja kesho... Ndiyo, na yule mwanangu Mina. Mpake mumeo, lakini usimpake akang'ara kama samaki, mpake halafu umfute... Sasa wewe unataka mgeni atoke Korea kote huko, aje amkute Nassor mkavu kama kuni? Akirudi kwao aseme nini? Kuwa hana mwenyewe? Hasha! Mie nnaipaka yote miwili tangu siku ya kwanza."

Nilibaki na kifuu mkononi. Hana mwenyewe. Kwa wenzetu hakuna neno baya zaidi la kumwambia mzee, na halina hata tusi ndani yake. Mzee mwenye watu huonekana mwilini: ananukia, kucha zimekatwa, ngozi imelainika, maana kuna mkono wa mwana au wa mjukuu unaoupitia mwili ule. Mzee mkavu ni mzee aliyeachwa. Na sisi, Bi Mina na mimi, tulikuwa tumeingia nyumba za watu na kuwataka waache mkono mmoja utangaze mbele ya mgeni kwamba hawana mtu. Tena nikawapigia simu kuwaambia siku ya kujitayarisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, na wenyeji walikuwa wakipona wakati ule ule uliotakiwa waonekane wanaumwa.

Nilipaswa kusema siku hiyo hiyo. Sikusema, na sababu haikuwa heshima ya wazee, ingawa kwa miaka mingi nilipenda kuielezea hivyo. Kulikuwa na nafasi. Chuo cha Bi Mina kilikuwa tayari kumchukua msaidizi wake mmoja kwenda kusomea uuguzi wa wazee kwao, miaka miwili, kazi yake hii ikienda vizuri, na jina alilolipeleka lilikuwa langu. Nilishapiga picha za pasi. Nilishajifunza kuhesabu kwa Kikorea mpaka kumi, na Bibi alishaninunulia sanduku la kijani lenye magurudumu, limesimama pembeni mwa kitanda changu. Nikilala nililiona, nikiamka nililiona. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Na kazi ilikuwa ikienda vizuri. Hilo ndilo lililokuwa baya. Bi Mina alichora namba zake kwa mkono kwenye karatasi ya mirabaraba, mstari mwekundu wa mkono wa kulia, wa buluu wa kushoto, na mistari ile ilipanda pamoja kama ndugu wawili wanaokwenda skuli. Mkono usiopakwa haukauki! Hajawahi kuona. Labda ni samaki, alisema. Labda tende. Labda hewa ya bahari. Alikuwa mtu mtulivu, lakini siku zile nilimkuta akizungumza peke yake juu ya sufuria ya wali. Aliwaandikia walimu wake kwamba wazee wa Maskati wana siri mwilini inayoilinda ngozi, nao wakamjibu aendelee. Akanipa daftari jipya niorodheshe kila wanachokula. Niliorodhesha kwa mwandiko mzuri: jodari, papa mkavu, tui, tende, ndimu, mkate wa ufuta. Niliandika kila wanachokula na sikuandika wanachojipaka.

Ilipokaribia Ramadhani Bibi alianza kuvaa soksi. Alisema ni baridi ya kiyoyozi. Nilimwamini, kwa sababu mikono yake niliiona kila siku, laini, inanukia, na mimi nilikuwa nimezoea kumsoma mzee kwa mikono yake. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mimi ni muuguzi. Nayaandika haya mawili pamoja ili nisijipe nafasi ya kukwepa. Alasiri moja alikuwa akitia udhu, nami nikampelekea taulo. Mlango wa chooni ulikuwa wazi nusu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno maji yalipofika mguuni, nikasukuma mlango. Kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa wa kuingia ukucha, kingo zake ngumu na nyeupe, ndani pekundu. Alikuwa ameupaka mafuta ya asumini juu yake ili usinuke.

"Bibi! Tangu lini?"

"Funga mlango, baridi inaingia."

"Tangu lini, Bibi?"

"Kisigino tu, mwanangu. Kina siku nyingi. Usimwambie Mina."

"Kwa nini nisimwambie?"

Alikaa kwenye kibao, miguu yake inadondosha maji, akanitazama kama mimi ndiye mkubwa. "Ataandika kwenye lile daftari kuwa mie sina mwenyewe. Na mie nna wewe."

Sijui kama nimewahi kuambiwa neno lililoniumiza zaidi ya hilo. Alikificha kidonda ili kunistahi mimi. Mwaka mzima nilikuwa nikiingia nyumba za watu kutazama ngozi za wazee wao, na wangu alikuwa akichechemea chumba cha pili. Mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo alinifundisha mwenyewe Bibi, na sote wawili tulikuwa tukificha. Nilimfunga kitambaa safi, nikamkalisha kitandani, nikavaa buibui, nikachukua teksi mpaka Ruwi.

Bi Mina alikuwa sakafuni na beseni la kabichi, amevaa glavu za plastiki, anapaka pilipili nyekundu jani kwa jani kwa achari ya kwao. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, viatu sijavua. Simu za alasiri. Maji yaliyoteleza kwenye mkono wa Mzee Nassor. Nilichokisikia jikoni. Alisikiliza huku anaendelea kupaka, mpaka kabichi lile likaisha, akalilaza kwenye chombo.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu miezi mitano iliyopita."

"Ni wazee wote?"

"Wote ninaowajua."

Ukutani nyuma yake palikuwa na ile karatasi ya mirabaraba, mistari miwili inapanda. "Na kwa nini unaniambia leo?"

"Bibi ana kidonda cha kisigino. Alikificha. Sikukiona."

Nilitarajia aniulize jinsi nilivyothubutu, au aning'akie, ningestahili. Alivua glavu, moja, kisha ya pili. "Kisigino kipi?" aliuliza.

Alikuja Bustan kesho yake baada ya alfajiri, jua halijapanda mlima, na alikuwa amenikataza kumwambia Bibi. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumfikia mzee bila kupiga simu. Bibi alikuwa kitandani, kichwa wazi, nywele zimetawanyika, hajaoga, hajapaka kitu. Mikono yake ilikuwa imepauka kama majivu. Alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Umenifuma, mwanangu Mina. Umenifuma mkavu." Kisha akanigeukia mimi. "Umemwambia."

"Nimemwambia, Bibi."

Akageukia ukuta. Bi Mina alikaa chini sakafuni, akauchukua mguu, akaufungua kitambaa, akautazama kwa muda mrefu, akauweka mapajani mwake. Nje jirani alikuwa akiwamwagia kuku nafaka. Baadaye Bibi akasema, akiwa bado anatazama ukuta, "Muulize ataandika nini kwenye daftari lake."

Nikafasiri, safari hii neno kwa neno. Bi Mina akajibu kwamba daftari ameliacha Ruwi. Kisha akaeleza, na mimi nikafuata nyuma yake kwa Kiswahili, kwamba kwao wanawake huenda pamoja kwenye nyumba za kuogea, na binti humsugua mama yake mgongo kwa kitambaa cha kukwaruza, kwa nguvu, mpaka ngozi iliyokufa itoke. Mama asiye na wa kumsugua mgongo, watu humwonea huruma. Yeye aliondoka nyumbani akiwa msichana kwenda kusoma habari za ngozi, na bibi yake aliugua mgongo huo huo nyumbani, bila yeye.

Bibi aliugeuza uso kutoka ukutani.

"Mwambie anisugue wangu," alisema. "Lakini kwanza nioge."

Tukampeleka hospitali asubuhi ile ile, ameshaoga, mgongo umeshasuguliwa, na yote mawili aliyadai kabla hajakubali kuvaa viatu. Kidonda kilichukua wiki nyingi. Mguu ulipona, na Bibi akaishi nao miaka mingi baadaye, akisema kila mara kwamba Mkorea ana mikono mizito lakini hajui kupika wali, anaufanya unata.

Bi Mina aliwaandikia walimu wake barua, akanisomea kabla ya kuituma. Hakunitaja kwa ubaya. Aliandika kwamba vipimo vyote vimeharibika tangu siku ya kwanza, na kwamba kosa ni la kwake, kwa kuwa aliingia nyumba za watu bila kuuliza mgeni hupokewaje. Halafu, njiani tukirudi kutoka kuiweka posta, aliniambia kwamba nafasi ilikuwa imefungamana na kazi ile, na kazi ile imekwisha, kwa hiyo sitakwenda. Alilisema moja kwa moja, mikono yake imekaza usukani. Sikulia mbele yake. Nililia nyumbani, juu ya lile sanduku la kijani, na nalikumbuka harufu yake, ya plastiki mpya. Wazee wa kwetu husema ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Hawasemi kwamba uongo ukijitenga huondoka na vitu vyako.

Miezi miwili iliyobaki hatukupima kitu. Tulizunguka nyumba zile zile bila kidude, bila simu, tunaomba radhi mlangoni kwa kuja ghafla, na Bi Mina akawa anaomba kuona visigino, migongo, nyonga. Tulivyovikuta kwa baadhi yao chini ya nguo, huku mikono inang'ara, sitaviandika. Wana watoto wao na wajukuu wao mjini humu. Mzee Nassor alikuwa salama. "Mie nilishamwambia Zayana," alisema, "mwanafunzi anayenakili hukamatwa kwa kupata zote." Siku ya kuaga, Bi Mina aliinama mbele ya Bibi, na Bibi, kwa kuwa hakujua kuinama, akamvuta akamkumbatia.

Mimi nilipangiwa hospitali, baadaye nikahamia huduma ya kutembelea wagonjwa majumbani, na huko ndiko nimebaki mpaka nywele zimegeuka. Mpaka leo napiga simu kabla ya kwenda. Sijaacha adabu yangu. Lakini nikifika, nikishapewa kahawa, naanza na visigino. Mikono naiacha mwisho. Wauguzi wadogo hunicheka, wananiita Bi Visigino, na mimi nawaacha. Kwenda Korea sijakwenda. Nilitaka, na sitasema kwamba sijali; binti zangu wakifungulia tamthilia zao za Kikorea nikasikia mtu anahesabu moja, mbili, tatu, hana, dul, set, kuna mahali bado panauma.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimeshika dele mkononi, pale sebuleni, na Bi Mina mbele yangu. Alikuwa akinieleza habari zake. Mumewe alifariki. Binti yake yuko Kanada, anapiga simu kila Jumapili, anamwona usoni kwenye simu na kusema, mama umenawiri.

"Na mgongo?" nikamuuliza. "Nani anakusugua?"

Alicheka, akafunika mdomo kama zamani. Kwenye nyumba ya kuogea karibu na kwake, alisema, kuna mashine ukutani. Unabonyeza, inazunguka kitambaa, unaiegemea. Inafanya kazi vizuri sana. Haichoki.

Kisha akafungua mkoba wake akatoa kidude, cha siku hizi, kidogo kuliko lipstiki, ameniletea zawadi. Akakunja mkono wa blauzi wa kushoto anionyeshe kinavyotumika. Nikauona mkono wote sasa, kutoka kifundo mpaka kiwiko: mkavu, umepasuka pasuka, una alama za kujikuna. Mtu aliyetumia maisha yake yote kutazama ngozi za wazee.

"Ngoja kidogo," nilisema. Nikaenda chumbani nikarudi na chupa ya mafuta ya nazi niliyoletewa kutoka Unguja, nikakaa chini sakafuni kama alivyokaa yeye siku ile kwa Bibi, nikamimina kiganjani, nikaushika mkono ule.

"Utaharibu vipimo," alisema kwa Kiswahili chake kile kile. Akakiweka kidude juu ya sinia, kando ya vikombe, na kwa mkono wenye mafuta akaanza kuikunja blauzi upande wa pili.